Maswali ya Wasomaji: Kuosha Paneli za Sola Mombasa

Barua nyingi za msimu huu wa kaskazi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: paneli za sola zioshwe lini, kwa maji gani, na nani apande juu. Tumezifupisha na kuzijibu pamoja.

Uchafu umekula umeme wangu?

*Nina paneli kumi za wati 550 juu ya nyumba yangu. Saa sita mchana, jua likiwaka, inveta huonyesha wati 4,300 hivi. Muosha paneli mmoja alipiga hesabu, 5,500 kutoa 4,300, akasema uchafu umekula zaidi ya asilimia 20 na kwamba nimlipe aoshe kila mwezi. Ni kweli?* (Msomaji wa Nyali)

Hesabu yake imeliacha joto nje. Zile wati 550 zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi 25 za selsiasi. Juu ya mabati ya Mombasa saa sita, seli hufika nyuzi 60 bila shida. Kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza umeme kwa asilimia 0.35 hivi; kipimo halisi kimo kwenye karatasi ya paneli yako. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 12, yaani karibu wati 670 zimeshaondoka kabla vumbi halijatajwa. Toa tena asilimia 4 au 5 zinazopotea kwenye nyaya na inveta, unabaki na kama 4,600. Pengo la kuulizia ni wati 300, si 1,200, na hata hizo zaweza kuwa utando mwembamba wa mawingu tu.

Kuna jambo jingine linalowadanganya wengi. Betri zikijaa kabla ya adhuhuri na nyumbani hamtumii kitu kikubwa, inveta isiyouza umeme nje huzibana paneli zenyewe. Zinaweza kutoa 4,500 lakini zinatoa 800, kwa sababu hakuna pa kuzipeleka. Kwa hiyo pima wakati betri ziko chini ya asilimia 80, au washa pasi na birika la umeme kwanza.

Kipimo cha kuaminika ni hiki. Ikiwa paneli zako zimegawanywa mistari miwili ya tano tano, zote zikielekea upande mmoja, andika uzalishaji wa kila mstari kwa siku tatu. Kisha osha mstari mmoja tu. Andika tena siku tatu. Mstari uliooshwa ukiupita mwenzake kwa asilimia 2, uchafu si shida yako. Ukiupita kwa 10 au 15, mwite muoshaji. Kulinganisha jana na leo hakufai, maana jua la jana si la leo. Mistari miwili inakula jua moja.

Halafu tia pesa kwenye hesabu. Mfumo wa kilowati 5.5 hapa pwani, siku njema, hutoa kama uniti 22. Uchafu wa asilimia 5 unakula uniti 1.1, ukiihesabu uniti kwa shilingi 25, ni kama shilingi 825 kwa mwezi. Ukilipa 3,000 kuosha, itachukua miezi mitatu na zaidi kuzirudisha, na pengine masika yatakuwa yamekuoshea bure. Uchafu wa asilimia 15 ni hadithi nyingine: karibu 2,500 kwa mwezi, na malipo yanarudi kwa wiki tano. Hii ni kama uniti hizo kweli ungezitumia. Za betri iliyojaa hazina thamani kwako.

Kuosha kila mwezi, kwa nyumba ya kawaida ya Nyali, ni kumlipa mtu akutembelee. Mara moja kati ya Januari na Februari, mvua zikiwa hazipo, na mara moja mwishoni mwa kusi, Agosti au Septemba, zinatosha wengi. Wenye kunguru na walio kando ya barabara ya vumbi wasome majibu yanayofuata.

Maji ya kisima yanaacha madoa meupe

*Kwetu hutegemea kisima, maji yana chumvi kidogo. Kijana wangu huosha paneli kila Jumamosi lakini zikikauka hubaki na madoa meupe, na kila wiki yanazidi. Tuongeze sabuni?* (Mama wa Kisauni)

Hapana, mama. Kwanza mwambie apumzike Jumamosi hii. Madoa hayo ni chokaa na chumvi za kisimani. Maji hukauka, madini hayakauki. Wiki inayofuata safu nyingine inakaa juu ya ile ya kwanza. Sabuni haiyeyushi chokaa. La kuudhi ni kwamba vumbi mlilokuwa mkiliondoa, mvua ingeliondoa yenyewe, lakini chokaa hiki mvua haikiwezi.

Kwenye kuosha paneli, maji ni muhimu kuliko sabuni na kuliko brashi. Kuna mita ndogo ya TDS, unaichovya kwenye kikombe ikakusomea madini yaliyomo. Kipimo tunachokifuata: chini ya 50, maji yanaweza kukaukia kioo yenyewe, kutoka 50 hadi 200, yafute kwa raba ya kufutia vioo kabla hayajakauka, juu ya hapo yatumie kulowesha na kusugua tu, kisha suuza kwa maji mazuri zaidi. Yakizidi 500, usiache hata tone likauke kwenye kioo. Visima vingi vya kisiwani na kandokando ya bahari huipita 500 kwa mbali.

Maji mazuri mtayapata wapi bila kununua? Ya mvua, mkikinga baada ya mvua ya kwanza kuosha bati. Na kama kuna kiyoyozi nyumbani au kwa jirani, wekeni ndoo chini ya kile kibomba kinachodondosha nje. Yale ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana chokaa, na kwa unyevu wa Mombasa kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi usiku hujaza ndoo. Yachujeni kwa kitambaa, maana hubeba vumbi na utelezi wa ndani ya mashine. Si ya kunywa. Ya kusuuzia kioo hayana mpinzani.

Wala hayahitajiki mengi. Paneli ya wati 550 ina kama mita mraba 2.6. Lita 2 au 3 za kulowesha na kusugua, lita moja ya kusuuza. Paneli kumi ni jerikeni moja na nusu ya kisima na nusu jerikeni ya maji ya kiyoyozi.

Kuhusu madoa yaliyokwisha kukaa: siki nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini kilicholowa, si kumimina. Dakika mbili tatu, sugua kwa mviringo, suuza sana. Jaribuni kwanza pembe ya paneli moja. Siki isikae kwenye fremu ya alumini, na kama waranti bado ipo, mwulizeni aliyewauzia awajibu kwa maandishi, kwa sababu watengenezaji wengi hutaka maji ya kuoshea yawe na pH iliyo karibu na 7, na siki iko mbali na hapo. Ndiyo maana ni dawa ya mara moja, si ya kila Jumamosi.

Utaratibu kamili

*Nataka kuosha mwenyewe. Bati langu ni la chini, ghorofa hakuna. Nianze wapi, nimalize wapi?* (Msomaji wa Bamburi)

Anza na saa. Kabla ya saa mbili asubuhi, kioo kikiwa baridi na umande umekwisha kulainisha uchafu. Saa saba mchana kioo kina nyuzi 60 na zaidi; ukikimwagia maji baridi ghafla kinaweza kupasuka, na hata kisipopasuka, maji hukauka kabla hujasugua ukabaki na michirizi.

Zima upande wa stima wa inveta kwanza, kisha swichi ya DC ya paneli. Usichomoe soketi za MC4, zile zinazounganisha nyaya za paneli, jua likiwa limetoka na mzigo ukiendelea. Cheche yake haizimiki upesi kama ya stima ya ukutani. Na elewa kwamba kuzima hakuziui paneli. Maadamu kuna mwanga, paneli kumi zilizounganishwa mfululizo zina zaidi ya volti 400 ndani ya nyaya zake. Kwa hiyo kagua kwa macho kabla ya tone la maji: kioo kilichopasuka, waya uliochunika, kisanduku cha nyuma kilichofunguka. Ukiona kimojawapo, paneli hiyo usiiloweshe wala usiishike. Ni kazi ya fundi.

Ukiweza, fanya kazi yote ukiwa chini au juu ya ngazi, kwa brashi ya manyoya laini ya nailoni yenye mti mrefu wa mita 4 hadi 6. Mti uwe wa faibaglasi. Wa alumini karibu na nyaya za stima zinazopita juu ni hatari ya kifo. Ngazi ikiwa na kimo cha mita 4 hadi ukingo wa paa, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa kipite ukingo kwa mita nyingine. Ukilazimika kupanda, vaa mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara, kanyaga kwenye mstari wa misumari ambako kuna papi chini, na usiikanyage paneli wala kuiegemea kwa goti. Kioo kitahimili, seli za chini yake hupata nyufa zisizoonekana, na paneli huanza kushuka miezi baadaye bila mtu kujua sababu.

Lowesha kuanzia juu, acha dakika tano. Sugua taratibu kuelekea chini, brashi ikiwa na maji wakati wote, maana vumbi kavu chini ya brashi ni msasa. Kama kuna mafuta au moshi wa magari, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10. Vinginevyo maji matupu yanatosha. Sabuni ikibaki hunata vumbi jipya, basi suuza mpaka povu liishe. Vuta maji kwa raba. Suuza na fremu pia, hasa upande wa bahari.

Stilwaya, sabuni ya unga ya kusugulia sufuria, Jik na petroli visiguse paneli. Kioo kina ngozi nyembamba ya kupunguza mng'ao, na ikichubuka haitibiki. Nta na zile dawa za kung'arisha zinazouzwa kwa chupa ndogo, achana nazo.

Washa kinyume: DC kwanza, stima baadaye.

Kunguru wamezigeuza choo

*Naishi karibu na soko la Kongowea. Kunguru wananyea paneli kila siku, na wameanza kujenga kiota chini yake. Mvua kubwa ilinyesha lakini kinyesi hakikutoka chote. Kweli kidoa kidogo kina madhara?* (Msomaji wa Kongowea)

Kina, kuliko vumbi la paneli nzima. Vumbi jembamba hupunguza mwanga sawasawa kila mahali. Kinyesi huifunika seli moja kabisa, na kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo, ile iliyofunikwa inawaziba wenzake. Badala ya kutoa umeme huanza kuula, ikapata joto. Ndani ya paneli nyingi kuna dayodi tatu zinazoupitisha umeme pembeni ya eneo lenye kasoro; zikifanya kazi unapoteza hadi thuluthi ya paneli kwa doa lisilozidi kiganja. Kwa miezi, joto hilo huchoma gundi na kuacha alama ya kahawia mgongoni.

Usikikwangue kikiwa kikavu, kina chembe za mchanga ndani. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika 15, kitalainika chenyewe. Kamwe si kisu. Utomvu wa mwembe unaonata ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, katikati ya kioo tu, mbali na gundi ya pembeni.

Kuhusu kiota, kunguru wa mjini hapa hupenda kujengea vipande vya waya, na waya chini ya paneli ni moto unaongoja. Mwite fundi akitoe mfumo ukiwa umezimwa. Kisha azungushie wavu wa waya uliopakwa plastiki kati ya fremu na bati, ukishikwa kwa klipu. Fremu isitobolewe, tundu moja laweza kukunyima waranti. Matundu ya wavu yawe ya kupitisha hewa. Paneli isiyopumua huongeza joto, na umekwisha kuona joto linavyokula.

Kwa mahali kama penu, zungukeni na brashi ndefu kila wiki mbili kwa ajili ya madoa tu. Kuosha kote kubaki mara mbili au tatu kwa mwaka.

Mashine ya kuoshea magari

*Vijana wa kuosha magari wa hapa Changamwe wamenipa bei nzuri. Tuna vumbi la malori na la saruji, limeganda. Mashine yao haiwezi kulitoa haraka?* (Msomaji wa Changamwe)

Italitoa, pamoja na uhai wa paneli. Mashine hizo husukuma maji kwa bar 100 na zaidi. Baadhi ya watengenezaji wa paneli wanakomea kwenye bar 7. Maji ya nguvu hupenya ukingo wa fremu, soketi na kisanduku cha nyuma, na shida itaonekana wiki kadhaa baadaye, vijana wameshasahau.

Vumbi la saruji lina haraka yake. Likipata umande huanza kuganda, na saruji ni kali, inakila kioo polepole. Kwa hiyo liwahi lingali bichi: maji mengi ya mpira wa kawaida kwanza, yatiririke bila kusugua, ndipo brashi. Lililokwisha kuganda linakubali ile siki tuliyomweleza mama wa Kisauni, kwa masharti yaleyale, mara mbili tatu kwa uvumilivu.

Baada ya kuosha, inveta inalia

*Tulipomaliza kuosha, inveta iliwaka taa nyekundu ikaandika kwamba paneli zinavuja umeme ardhini. Mchana ikapona yenyewe. Tuipuuze?* (Msomaji wa Bombolulu)

Mara moja, ikiwa imepona kwa jua, yaelekea maji yaliingia kwenye soketi iliyolala juu ya bati au ambayo haikubanwa mpaka ikalia. Soketi za kampuni mbili tofauti zilizolazimishwa kuingiana pia hufanya hivyo. Fundi azinyanyue zifungwe kwenye reli, na zilizochanganywa abadilishe zote mbili.

Ikirudi kila asubuhi yenye umande, usipuuze. Huenda kuna waya uliogugunwa na panya au mgongo wa paneli uliopasuka. Usiizime na kuiwasha mara kumi ukitumaini, wala usishike fremu zikiwa majimaji. Fundi apime uzuiaji wa nyaya, yaani jinsi ngozi yake inavyozuia umeme kuvuja, kwa mita yake maalumu. Kwa mfumo unaozidi volti 120, kipimo kisiwe chini ya megaomu 1.

Chumvi ya bahari

*Nyumba iko Shanzu, mawimbi tunayasikia. Kioo kinang'aa lakini bolti zimeota kutu. Kuosha kutasaidia?* (Msomaji wa Shanzu)

Kidogo. Kwenye kioo chumvi si adui mkubwa, huyeyuka kwa maji matamu. Kazi yake mbaya ni pale kwenye vyuma, kwa sababu huvuta unyevu wa hewa na kuziacha bolti zimelowa usiku kucha. Kusuuza fremu, vibano na reli kila mnapoosha kunachelewesha kutu.

Bolti zenyewe badilisheni. Kwa ufuoni tafuteni chuma kisichoota kutu cha daraja A4, kilichopigwa chapa hiyo kichwani. A2 inayouzwa kila duka itaanza madoa ya kahawia mapema. Bolti za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki, hapo mlipo, ni za muda. Mkinunua paneli nyingine, ulizeni cheti cha kipimo cha chumvi, IEC 61701.

Paneli zimelala sakafuni

*Paa letu Tudor ni la zege, fundi amelaza paneli karibu sawa na sakafu. Chini kabisa kuna mstari wa matope usioisha.* (Msomaji wa Tudor)

Mstari huo unasababishwa na mlalo. Jua la Mombasa hupita karibu na utosi, kwa hiyo kulaza paneli hakupunguzi umeme sana, na ndiyo maana fundi hakujali. Lakini maji yanahitaji mteremko wa nyuzi 10 hivi ili yabebe uchafu. Pungufu ya hapo hutuama kwenye ukingo wa fremu ya chini, hukauka, huacha tope, na kwenye unyevu wetu tope hilo huota ukungu wa kijani.

Ubaya wake hutegemea paneli imesimama vipi. Ikiwa upande mfupi uko chini, tope hufunika seli za chini za sehemu zote tatu (zile za dayodi tatu) za paneli ya kawaida, na hasara huwa kubwa kuliko ukubwa wa doa. Paneli za seli nusu, zilizogawanywa nusu ya juu na nusu ya chini, huponea kwa nusu yao ya juu. Ikiwa upande mrefu uko chini, ni sehemu moja tu inayoumia. Inueni miguu ya nyuma. Paneli ya mita 2.3 inayoinama kwa urefu wake inahitaji kupanda sentimita 40 kupata nyuzi 10. Upepo au nafasi isiporuhusu, kuna klipu ndogo za plastiki zinazovalishwa ukingo wa chini zikatoa maji nje ya fremu. Ni nafuu na zinafanya kazi.

Nimwajiri nani?

*Kuna wanaojiita wataalamu kila mtaa. Nitawajuaje?* (Msomaji wa Likoni)

Muulize maji yake yana TDS ngapi. Asiyejua swali hilo linahusu nini, mshukuru aende. Aonyeshe brashi na mkanda wa usalama kabla ya kupanda. Apige picha kabla na baada, za kioo na za vibano, na akuandikie namba za inveta za siku hizo. Bima ya mtu kuanguka kwenye paa lako isiwe jambo la kuona haya kuuliza.

Kusugua kioo hakuhitaji leseni. Kugusa nyaya, kufungua soketi au kuondoa paneli kunahitaji fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na kwa mfumo uliounganishwa na stima awe wa daraja T3. Anayekwambia atafanya yote mawili akuonyeshe kadi.

Na sola ya maji moto?

*Ile ya mirija ya vioo chini ya tangi, inaoshwa hivyohivyo?* (Msomaji wa Mtwapa)

Brashi na maji ni vilevile, na mirija yenyewe haina umeme. Hatari ni moja: tangi likiwa tupu, kama maji ya mfereji yalikatika siku kadhaa, mirija huwa na joto kali mno ndani. Usiijaze wala usiimwagie maji mchana. Maji baridi yakikutana na mrija huo unapasuka. Ngoja usiku au alfajiri.